Mitungi Iliyopatikana na Hatia

Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, mbele ya jengo la utawala, Mkurugenzi wa Hospitali Kuu aliutangazia umma kwamba sababu za watu kufa zimepatikana, kwamba ziko tano, na kwamba zote zinabebeka. Alitumia kipaza sauti, ingawa umma wenyewe ulikuwa watu kumi na wanane, na kumi na mmoja kati yao walikuwa wafanyakazi wake walioamriwa kusimama juani. Alieleza kwamba kwa miezi mitatu virusi vinavyoshambulia mapafu vimekuwa vikiingia hospitalini humo bila kufuata utaratibu. Kwamba wagonjwa mia nne na kumi na wawili wamelazwa na themanini na tisa wamefariki. Na kwamba tabia hii ya kufariki, ambayo ilikuwa imeanza kuonekana hadi kwenye taarifa ya robo mwaka, sasa itakomeshwa kisayansi. Alikumbusha kwamba wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, na kwamba hospitali yake, kwa kuwa haijawahi kuficha maradhi ya mtu yeyote, haina la kufichuliwa. Watu wakapiga makofi. Wenye ndugu wodini walipiga taratibu zaidi.

Aliyezipata sababu hizo tano alikuwa amesimama safu ya nyuma, kwenye kivuli cha nguzo. Alikuwa karani wa takwimu, mtu wa miaka thelathini na sita ambaye hospitali nzima ilimwita Asilimia, na ambaye mwenyewe aliitika jina hilo kwa haraka kuliko alilopewa na wazazi. Katika miaka kumi na miwili ya kazi hakuwahi kukosea hesabu hata moja. Kasoro yake, kama alikuwa nayo, ni kwamba alijibu kila alichoulizwa, na ambacho hakuulizwa hakukijibu.

Aliyemuuliza ilikuwa Kamati ya Vihatarishi vya Vifo. Kamati hiyo iliundwa siku mgonjwa wa kwanza wa virusi alipoletwa, saa moja kabla hajapatiwa kitanda. Ilikuwa na wajumbe saba: Mkurugenzi, ambaye ni Mwenyekiti kwa mujibu wa cheo, Katibu, Mkuu wa Itifaki, madaktari wawili wa wodi, muuguzi mkuu wa wodi, na fundi wa mitambo ya hewa. Ilikutana kila Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, ghorofa ya pili, simu zikiwa zimezimwa kwa heshima ya kikao. Kazi yake ilikuwa kutafuta vihatarishi, yaani mambo yanayomsogeza mgonjwa karibu na kaburi, na kuyaondoa.

Jedwali la kwanza la Asilimia lilikataliwa. Lilisema kwamba waliokufa zaidi ni wenye umri wa kupita miaka sitini, wenye kisukari, wenye presha, na waliochelewa kufika. Mkurugenzi alilisoma mara mbili, kisha akauliza kwa upole hospitali inahusika vipi na uzee wa mtu. Hayo yote, alisema, wagonjwa wamekuja nayo kutoka kwao. Kamati ilitaka vihatarishi vilivyomo ndani ya mamlaka yake, vitu ambavyo ukiamua kuviondoa, vinaondoka. Asilimia aliinamisha kichwa, akarudi kwenye mafaili, akatafuta vitu vinavyoondoka.

Akavipata. Kati ya wagonjwa tisini na sita waliowekewa oksijeni, sabini na wawili walikufa. Kati ya mia tatu na kumi na sita ambao hawakuwekewa, walikufa kumi na saba tu. Aliyepewa oksijeni, kwa hiyo, alikuwa katika hatari ya kufa karibu mara kumi na nne zaidi kuliko aliyeachwa na mapafu yake. Vilevile, waliolazwa vitanda namba moja hadi nne, vilivyo mbele ya meza ya wauguzi, walikufa kwa wingi kuliko waliolazwa mwisho wa wodi ambako muuguzi hafiki. Waliopimwa homa kila saa walikufa zaidi kuliko waliopimwa asubuhi tu. Waliozungukiwa na daktari bingwa mara tatu kwa siku hawakupona kama waliozungukiwa mara moja kwa wiki. Na wale ambao ndugu zao walipigiwa simu waje haraka, hao walikwisha karibu wote.

Kamati iliduwaa. Muuguzi mkuu peke yake alinyoosha mkono. Alikuwa mama mnene wa sauti ya chini, mwenye miaka ishirini na sita wodini.

"Mzee," alimwambia Mkurugenzi, "oksijeni tunampa anayeshindwa kupumua. Tunaanza na aliye mahututi. Hii ni sawa na kusema mwavuli ndio unaoleta mvua."

"Sista, wewe umewahi kuona mwavuli umefunguliwa mahali pasipo na mvua?"

Muuguzi alisema ndiyo, ameuona, juani. Lakini Katibu alikuwa ameshaandika kwamba mjumbe hakuwa na jibu, na muhtasari ukishaandikwa kwa wino haufutwi. Hoja yake ikapigiwa kura, ikaanguka.

Utekelezaji ulianza siku ileile ya tangazo. Mitungi ishirini na minane ya oksijeni ilitolewa wodini, ikaingizwa stoo ya zamani ya mashuka, ambayo ilipewa kibao kipya: HIFADHI YA VIHATARISHI VILIVYOTHIBITISHWA. Kila mtungi ulifungwa lebo shingoni yenye namba na makosa yake. Vipima joto viliingia kwenye kasha. Simu ya wodi iling'olewa ukutani, ikaandikiwa lebo yake. Vitanda namba moja hadi nne vilifutwa namba vikaandikwa arobaini na moja hadi arobaini na nne, bila kusogezwa hata inchi moja. Daktari bingwa alipelekwa mafunzo ya muda usiojulikana kuhusu utunzaji wa magodoro.

Mtunza stoo, mzee mmoja aliyeshika kazi yake kama mtu anayeshika ndoo iliyojaa, alilalamika kwamba chumba ni kidogo na vihatarishi ni vingi. Vikithibitishwa vingine ataviweka wapi, kichwani? Kamati iliona hoja hiyo ina uzito, ikatunga Kanuni ya Tatu: kihatarishi kilichofungiwa hakitatoka ila tu pale kihatarishi kikubwa zaidi kitakapohitaji nafasi yake. Mkurugenzi alitia saini, na kwa kuwa ni mtu anayethamini muda, alitia saini pia hati kumi za kuondolea vihatarishi vya baadaye, zikiwa tupu, ili jina lijazwe likipatikana.

Matokeo yalionekana mapema. Wiki ya kwanza hapakufa mgonjwa hata mmoja aliyekuwa kwenye oksijeni. Vitanda namba moja hadi nne havikupoteza mtu. Walikuwepo waliokufa kwingine, hilo halikukanushwa, lakini walikufa bila kihatarishi chochote, na Kamati iliamua kwamba kifo cha namna hiyo ni uamuzi binafsi wa mgonjwa na hakiingii kwenye taarifa. Wizara ikaandika barua ya pongezi. Ikaahidi kumtuma Mkaguzi aje ajifunze mbinu hiyo ili hospitali nyingine zisiachwe nyuma.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa mbili asubuhi, jirani mmoja alimleta shangazi wa Asilimia kwa gari la kukodi.

Shangazi huyo alikuwa fundi cherehani, mwanamke mkavu wa miaka sitini na mitatu, na ndiye aliyemlea Asilimia tangu akiwa na miaka mitano, baada ya mama yake kufariki. Alimfundisha kuhesabu kwa vifungo vya mashati. Asilimia alipoitwa wodini alimkuta amekaa kitandani namba arobaini na tatu, mikono imeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka kana kwamba anakimbia, na hali hajaondoka pale. Muuguzi mkuu alikuwa amembana kidoleni kile kidude cha kupimia hewa kwenye damu, ambacho Kamati ilikuwa bado haijakifikia. Kilisoma themanini na nne. Asilimia alijua namba zote za wodi ile. Alijua kwamba chini ya tisini ni mahali pa mtungi, na kwamba waliobaki themanini na nne kwa siku mbili bila mtungi, yeye mwenyewe alikuwa amewaandika, kwa mwandiko mzuri, kwenye safu ya kulia, ya waliofariki.

Alimwamkia. Shangazi aliitikia kwa vipande.

"Marahaba... mwanangu. Sista ananiambia... hewa ipo... mmeifungia. Nani kaifungia?"

"Kamati, shangazi."

"Kamati... ilijuaje... kama hewa ina kosa?"

Asilimia, ambaye hakuwahi kuulizwa kitu asikijibu, alitazama sakafu. "Mimi ndiye niliyewaambia."

Shangazi alimtazama kwa muda uliotosha kushona kifungo. Hakukasirika, pumzi ya kukasirikia hakuwa nayo.

"Basi wewe... uliyewaambia," alisema, "kawaambie tena."

Muuguzi mkuu alimlaza kifudifudi na mto chini ya kifua, kwa kuwa mto ulikuwa haujathibitishwa. Alimwambia Asilimia, bila kumtazama, kwamba mama akilala hivyo anaweza kufika kesho. Ya keshokutwa hakuyasema.

Kwanza Asilimia alikwenda stoo. Mtunza stoo alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akamwonyesha Kanuni ya Tatu iliyobandikwa mlangoni kwa gundi ya uji wa unga. Alisema angempa hata mitungi miwili, wallahi, ila akifungua mlango bila hati, kesho na yeye atafungwa lebo shingoni, na ana watoto. Alete kihatarishi kikubwa kuliko mitungi, hapo mlango utafunguka wenyewe.

Kisha alikwenda kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, akamwuliza hali ya mgonjwa.

"Asilimia, unasikia unachoniomba? Unataka nimpe shangazi yako kitu kinachoua robo tatu ya wanaokitumia?"

"Mzee, hawauawi na..."

"Jedwali ni la nani?"

"Ni langu."

"Basi inaelekea mimi nampenda huyo mama kuliko wewe." Akasimama, akamshika bega, akamsindikiza mpaka mlangoni. Alimwahidi kwamba shangazi yake, akiwa hana kihatarishi hata kimoja mwilini, yuko mahali salama kuliko wote waliokuwa hai mjini siku hiyo.

Asilimia alirudi ofisini kwake. Mtu mwingine angelia, au angevunja kufuli. Yeye alichonga penseli. Alitandaza mafaili ya wagonjwa walewale mia nne na kumi na wawili, na safari hii hakutazama mgonjwa alikuwa na nini. Alitazama alikufa siku gani, saa ngapi. Alifanya hivyo bila kuulizwa na mtu, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili. Saa kumi na mbili jioni mlinzi alipokuja kufunga ofisi alimkuta amejiegemeza kwenye kiti, anaitazama karatasi moja kama mtu aliyemwona mwizi wake sokoni.

Ijumaa asubuhi kidude cha shangazi kilisoma themanini na moja. Asilimia alikitazama, akamwekea mkono mgongoni, akapanda ghorofa ya pili.

Mkaguzi wa Wizara alikuwa ameshafika. Alikuwa mwanamume mwembamba wa suti ya kijivu, mwenye sifa ya kusoma kila karatasi anayopewa, jambo lililomfanya aogopwe wizarani na asipandishwe cheo. Kikao kilimshangilia. Mkurugenzi alisimulia ushindi kwa dakika arobaini. Alipokaa, Mkaguzi aliuliza swali moja tu: je, tangu vile vitano, Kamati imegundua kihatarishi kingine?

Mkurugenzi alimgeukia karani wake kwa tabasamu. "Asilimia, kuna kipya?"

Sasa alikuwa ameulizwa.

"Kipo, mzee," alisema Asilimia. Alieleza kwamba kihatarishi hiki kimekuwemo hospitalini miezi mitatu yote, na kwamba huwa kinatokea kwa saa nne, mara mbili kwa wiki, jumla saa mia moja na nne. Saa hizo si hata sehemu moja ya ishirini ya muda wote, lakini wamekufa ndani yake watu hamsini na mmoja kati ya themanini na tisa. Kilipokuwepo, watu walikufa karibu mara ishirini na saba zaidi kuliko kisipokuwepo. Mitungi, kwa kulinganisha, ilikuwa mara kumi na nne.

Mkurugenzi alipiga meza kwa furaha. Mara ishirini na saba! Alimwambia Mkaguzi kwamba hiyo ndiyo kazi inayofanyika hapa. Wengine wanahangaika na dawa. Alichomoa hati moja kati ya zile kumi alizokwisha kutia saini, akamsukumia Katibu, akaamuru kihatarishi hicho kiondolewe sasa hivi, kabla ya chai.

Katibu aliandaa kalamu. "Jina la kihatarishi?"

"Kikao cha Kamati ya Vihatarishi vya Vifo," alisema Asilimia.

Katibu, kwa mazoea, aliandika. Aliinua kichwa akiwa ameshaweka nukta.

Asilimia alieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba, kwamba Jumanne na Ijumaa, saa tatu hadi saa saba, madaktari wote wawili wa wodi wako ghorofa ya pili, muuguzi mkuu yuko ghorofa ya pili, fundi wa mitambo yuko ghorofa ya pili pamoja na spana yake, na simu zao zimezimwa. Chini hubaki wagonjwa na mfagiaji. Muuguzi mkuu alikuwa ameanza kuvaa viatu alivyokuwa amevivua chini ya meza.

Mkurugenzi alisimama. Alisema huu ni upotoshaji wa takwimu. Kamati, alisema, inakutana kwa sababu watu wanakufa. Watu hawafi kwa sababu Kamati inakutana. Huwezi kuilaumu tiba kwa ugonjwa inaoukuta. Hata mtoto analijua hilo.

Mkaguzi alifungua faili lake, akalamba kidole, akafunua kurasa.

"Hoja hiyo ninaiona hapa, kikao cha ishirini na sita," alisema. "Ilitolewa na muuguzi mkuu. Mliikataa kwa kura sita kwa moja."

Alisoma pia Kanuni ya Tatu, hadi mwisho, kama alivyozoea, kisha akaangalia saa. Kwa maoni ya Wizara hati ilikuwa na jina, saini na tarehe. Haikuhitaji kitu kingine ila utekelezaji.

Madaktari wawili, muuguzi mkuu na fundi wa mitambo waliandika barua za kujiuzulu ujumbe nyuma ya karatasi za ajenda, wakaziacha mezani wino haujakauka, na ngazi zikasikika zikipokea viatu vyao. Waliobaki walikuwa watatu: Mkurugenzi, Katibu na Mkuu wa Itifaki. Hao walibaki kwa sababu wakitoka kwenye Kamati hawakuwa na mahali pengine hospitalini humo panapowahitaji. Mkurugenzi, zaidi ya hayo, alikuwa Mwenyekiti kwa mujibu wa cheo. Kuacha uenyekiti kulikuwa ni kuacha ukurugenzi, na hakuwa mtu wa kuacha vitu kwa sababu ya hewa tu.

Mtunza stoo aliisoma hati mara tatu, mara ya mwisho kwa kidole. Akapima watu watatu kwa macho, akapima chumba kwa utepe, akasema mitungi yote lazima itoke, pamoja na kasha na simu, maana Mkuu wa Itifaki ana mabega. Fundi na mfagiaji wakaibingirisha mitungi kwenye korido, mmoja baada ya mwingine, lebo zikipepea. Watatu wakaingia. Mkurugenzi aliingizwa na kiti chake, kwa heshima. Akafungwa lebo iliyoandikwa "mara ishirini na saba", kwa kamba laini.

Mtungi wa kwanza ulifika kitanda namba arobaini na tatu saa tano na dakika kumi. Muuguzi mkuu alimvalisha shangazi barakoa, fundi akakaza spana, hewa ikaanza kuimba kwa sauti nyembamba. Themanini na mbili. Themanini na saba. Asilimia alisimama miguuni pa kitanda akihesabu kwa midomo. Kidude kilipofika tisini na tatu shangazi alifumbua macho, akaisogeza barakoa pembeni, na muuguzi akamkemea, naye hakujali.

"Hizo penseli zako," alisema, kwa sentensi nzima ya kwanza tangu jana, "siku nyingine uwe unaanza na upande huu wa pili, wenye kifutio."

Asilimia alisema ndiyo, shangazi. Ijumaa hiyo, kati ya saa tano na saa saba, hakufa mtu wodini. Mkaguzi aliliandika hilo, akaliwekea mstari chini, akaondoka bila kunywa chai.

Saa saba na robo mlango wa Hifadhi ulibishwa kutoka ndani. Mtunza stoo alisogeza sikio. Ilikuwa sauti ya Mkurugenzi. Alisema humu hakuna dirisha, joto limezidi, hewa imekuwa nzito, na Katibu ameanza kulegea. Mtunza stoo alimpa pole, akafungua kijitundu cha juu ya mlango, akampitishia Katibu kikombe cha maji. Lakini kuhusu mlango wenyewe alimkumbusha kanuni ni ya nani: haufunguki mpaka apatikane mkubwa zaidi wa kuchukua nafasi yake.

"Mimi sina shida, mzee," alisema. "Wewe nitajie tu. Hospitali hii yote, kuna nani mkubwa kuliko wewe?"

Ndani walisikika watu wawili wakinong'ona majina, na mmoja akiyakataa, jina baada ya jina. Hatimaye kiti kilivutwa sakafuni, mtu mzito akakaa, na Mkurugenzi akauliza chakula cha mchana huletwa saa ngapi.